Kulala mlimani na watu wa redio: yaliyonikuta Kasigau

Ndugu uliyeuliza: marafiki zako wa redio za ridhaa, wale wanaozungumza na watu wa mbali kwa mitambo yao wenyewe kwa kujifurahisha, wamekualika mkalale mlimani siku mbili, wewe redio unaijua ya kusikilizia mpira tu, na unaogopa utakaa pembeni kama kiti kibovu. Ukauliza pia wanapanda mlima kutafuta nini na simu ziko mifukoni. Mimi ni wa Malindi, leseni ya redio sina, lakini Septemba moja nilifuatana na watu watatu wa aina hiyo hadi Kasigau, mlima ulioko Taita-Taveta. Nenda. Ila usiende ukidhani ni matembezi. Ni kama kwenda kuvua: watatega, watangoja, watabishana, halafu saa ile wewe unasema chakula tayari ndiyo saa samaki wanakula.

Hilo la saa ndilo lililonichosha mwanzo. Kuna masafa ya redio yanayofunguka vizuri, yaani yanafikisha sauti mbali, machweo, mengine usiku, mengine alfajiri, na hakuna anayeweza kuyabembeleza yangoje ugali. Siku ya kwanza nilipika saa kumi na mbili na nusu jioni, nikala peke yangu na siafu. Kesho yake nikapika saa kumi, tukala pamoja, amani ikarudi. Kwa hiyo beba vinavyolika kwa mkono mmoja: mahamri, tende, viazi karai, na chupa ya kahawa ya tangawizi. Mkono wa pili umeshika maikrofoni.

Kwa nini mlimani? Wimbi la VHF, lile la redio ndogo za mkononi, huenda takriban mstari ulionyooka, na mgongo wa dunia huliziba. Binamu yangu, mmoja wa wale watatu, alinipa hesabu yao ya umbali wimbi linakofika, kwa kilomita: chukua urefu wa mlima kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.1. Kasigau ina mita 1,641, kwa hiyo unapata kama kilomita 166. Malindi iko yapata 175 kutoka pale. Ukimweka mtu juu ya paa la ghorofa huku nyumbani, paa linakuongezea kama kilomita kumi na kitu, mnagusana kwa ncha za vidole. Na kuna sababu nyingine ambayo sikuitarajia: kimya. Mjini kila chaja na kila taa ya bei rahisi inanguruma redioni. Kule juu walisikia ngurumo moja tu, wakaisaka kila mahali, kumbe ni chaja ya sola ya simu yangu. Nikaambiwa niizime. Basi ujue, simu yako itakaa bila chaji.

Njia: ya Sala Gate ni fupi machoni, lakini unapita ndani ya Tsavo Mashariki na kiingilio cha mbuga kinakungoja, kwa hiyo tulizunguka Mombasa, tukashika barabara ya Nairobi, tukakata kushoto Maungu kuingia kijiji cha Rukanga. Vumbi tupu. Chukueni mwenyeji wa kuwaongoza, na maji yenu yote yapandeni nayo. Betri nayo ni mzigo. Mmoja wetu alileta ya gari, kilo kama 15, akaizungumza vizuri mpaka mwinuko wa pili. Ya lithiamu ilitosha, maana redio yenyewe ilikuwa ya wati 5. Leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano iwe mfukoni, si kwenye gari: Tanzania si mbali na pale, na askari wa ranchi akiona nyaya na betri ana haki ya kuuliza.

Sasa kosa langu. Waya wao wa antena wa mita 20 kwa 14 MHz (ndivyo unavyoitwa, ingawa wenyewe una mita 10 tu, tano huku tano huku) ulikuwa umefungwa kati ya miti miwili, usawa wa kichwa, kabla hawajauinua. Ukungu wa Kasigau unalowesha kila kitu. Kikoi changu kilikuwa chapachapa. Mimi nikaona kamba, nikaanika. Walipowasha, kipimo cha redio kikaonyesha nguvu inarudi nyuma badala ya kutoka. Wakafungua viungio, wakakwangua waya, wakalaumiana kwa nusu saa nzima, tochi vichwani. Mimi nawashikia kikombe, nawapa pole. Mpaka mmoja akainua tochi juu. Sikuitwa jina langu tena safari ile. Naitwa Kikoi mpaka leo.

Waya ulipopandishwa, binamu yangu akaita, akitaja alama yake ya 5Z4, ile inayoanzia stesheni za Kenya. Akaita tena. Sauti ya kwanza kutoka Ulaya kujibu ilikuwa ya Muitaliano! Tumewaacha Malindi, wamejaa Lamu Road, kumbe wamo hadi angani. Bila shaka alishangaa kusalimiwa kwa Kiitaliano cha ufukweni.

Lakini lililonikaa ni jingine. Tulipofika chini ya mlima, kabla hatujaanza kupanda, mzee mmoja alituuliza tumetoka wapi. Tukasema Malindi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Huko ndiko walikopelekwa babu zetu." Mwaka 1915, vita ya Mwingereza na Mjerumani ikiwa hapo mpakani, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawang'oa wakawapeleka Malindi, na wengi walifia huko. Nimezaliwa Malindi na sikuwahi kuisikia habari hiyo shuleni wala nyumbani.

Kijana aliyetuongoza alikuwa mjukuu wa mzee huyo. Asubuhi ya mwisho tulikaa kwenye mwamba unaotazama mashariki, antena ndogo juu ya ufito, redio ya VHF kwenye 145.500 MHz. Mvumo, mvumo, halafu sauti ya rafiki yetu aliyekuwa juu ya paa, imekwaruzika kama inapita kwenye mchanga, lakini ni yeye. Anasema anatusikia, na upepo umegeuka. Kijana akasogea mpaka sikio likagusa redio.

"Huyo yuko Malindi hasa?"

"Malindi hasa."

"Mtaa gani?"

Binamu akabonyeza, akauliza. Jibu likaja: Shela, nyuma ya msikiti. Kijana akaturudishia redio, akabaki anautazama ukungu upande wa bahari, na sisi tukaanza kukunja waya.