Siku 30 baada ya barua: niliyojifunza nilipofukuzwa kazi kwa uonevu

Barua ilikuwa imeshachapwa kabla sijaitwa. Niliingia ofisini kwa afisa utumishi Ijumaa ya tarehe 14 Septemba 2018, saa 10 jioni, bado nimevaa koti la stoo, nikakuta karatasi mbili mezani. Moja ilisema nimeachishwa kazi kwa upotevu wa katoni 14 za mafuta ya kula. Ya pili ilikuwa barua ya kuacha kazi kwa hiari, jina langu limeshaandikwa, imebaki saini tu.

"Dada, saini hii tukupe cheti kizuri, ukatafute riziki kwingine," akaniambia kwa upole. "Ile nyingine itakuharibia."

Nilikuwa nimetunza stoo ile, kando ya Barabara ya Pugu jijini Dar es Salaam, kwa miaka minne na miezi kadhaa. Mshahara ulikuwa shilingi 420,000 kwa mwezi na nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nakiri mkono wangu ulikwenda kwenye ile barua ya hiari. Nikaomba kwanza niende nayo nyumbani nikaisome vizuri. Akaivuta haraka akaiweka kwenye droo. Hapo ndipo nikashtuka: barua ya kunisaidia inafichwaje?

Ndugu yangu uliye kwenye hali hii, usisaini barua ya kuacha kazi ambayo hukuiandika mwenyewe. Ukifukuzwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri athibitishe mambo mawili: kwamba alikuwa na sababu ya haki, na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Ukisaini kwamba umeondoka kwa hiari, mwajiri atasema hakukufukuza, na ni wewe utakayehangaika kuthibitisha kwamba ulilazimishwa. Barua ya kufukuzwa ipokee. Wakitaka saini, andika kwa mkono wako: "Nimeipokea, sikubaliani nayo," weka tarehe, na ondoka na nakala.

Baada ya hapo nikafanya kosa ambalo naliona kwa watu wengi sana. Niliomba. Nilipiga simu kila siku ya pili, nikaambiwa meneja mkuu amesafiri, akirudi suala langu litaangaliwa. Nikamtuma shemeji anayefahamiana na mhasibu. Nikaenda getini mara mbili, na mlinzi niliyekuwa nakunywa naye chai akaniambia macho yakiwa chini kwamba ameagizwa asiniruhusu kuingia. Wiki tatu zikaisha hivyo.

Aliyeniamsha ni dereva mmoja mzee, mwanachama wa chama cha wafanyakazi kwenye kiwanda cha jirani. Aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, CMA umeshaenda?" Sikuwa najua CMA ni nini. Ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mahali mgogoro wa kazi unapoanzia kwa sisi wa sekta binafsi Tanzania Bara. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapaswa kufika pale ndani ya siku 30. Zikipita, unalazimika kuomba kwanza uongezewe muda na kueleza kila siku uliyochelewa. "Nilikuwa namsubiri bosi arudi" ni sababu dhaifu mno.

Barua yangu niliipokea tarehe 14, lakini ndani iliandikwa tarehe 11. Ukiona hivyo, hesabu kuanzia tarehe ya mapema usije ukabishaniwa baadaye. Mimi nilifungua mgogoro Jumatano ya tarehe 10 Oktoba, siku moja kabla ya hesabu hiyo kuisha. Bado nikiikumbuka ile siku moja tumbo linanikata. (Na tahadhari kwa wanaosoma ushauri wa majirani mtandaoni: Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa miaka 3. Mtanzania akilalia hesabu hiyo amekwisha.)

Fomu inaitwa CMA F1. Nilidhani ni ya kujaza jina na malalamiko basi, kumbe kesi nzima inasimama juu yake. Ina sehemu B ya walioachishwa kazi, ambayo wengi huiruka. Ijaze. Kila unachodai kiandike: fidia, mshahara wa notisi, likizo ambayo hukuchukua, kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilisha, hadi miaka 10. Usipokiandika pale, usitarajie kupewa mwishoni. Nakala mpelekee mwajiri na ubaki na ushahidi kwamba ameipokea. Mapokezi pale kazini kwangu walikataa kugonga muhuri, nikaituma kwa rejista ya posta, risiti nikaiambatisha.

Usuluhishi ulichukua vikao viwili. Mwajiri alitoa ofa ya mishahara miwili. Simlaumu hata kidogo mtu anayechukua ofa kama hiyo, njaa haina subira, lakini mimi nilikataa kwa sababu karatasi ingesomeka kama vile niliiba nikasamehewa. Tukaenda kwenye uamuzi, yaani hatua ambayo mwamuzi wa CMA husikiliza ushahidi wa pande zote.

Sasa nizungumzie zile katoni. Zilitoka kweli. Msimamizi wa tawi alipiga simu Jumamosi, akasema gari linakuja, nimpe dereva mzigo, karatasi ataleta Jumatatu. Nikatoa bila hati. Hilo lilikuwa kosa langu na nililisema mbele ya mwamuzi bila kuzungukazunguka. Lakini nilikuwa na kaunta buku yangu, niliyoinunua kwa hela yangu, ambayo kila siku niliandika kilichoingia na kilichotoka. Ukurasa wa Jumamosi ile ulikuwa na namba ya gari, idadi, jina la aliyeagiza, na saini ya dereva kwa wino wa kijani. Mwamuzi aliushika ukurasa ule muda mrefu.

Kwa kuwa ni mwajiri anayethibitisha, shahidi wake ndiye aliyeanza. Afisa utumishi akaeleza kwamba nilifanyiwa kikao cha nidhamu tarehe 12. Akaulizwa barua ya kuniita iko wapi, maana mtuhumiwa anatakiwa kupewa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48 na ana haki ya kuja na mfanyakazi mwenzake au mtu wa chama. Hakuwa nayo. Akaulizwa tarehe ya barua ya kunifukuza. Akasoma: 11 Septemba. Kikao tarehe 12, barua tarehe 11. Akaisoma tena kimyakimya, midomo ikicheza, kisha akaiweka chini.

Tuzo, yaani hukumu ya mwamuzi, ilitoka Agosti 2019: mishahara 12, ambayo ni shilingi 5,040,000, pamoja na notisi, likizo na kiinua mgongo. Miezi 12 ndiyo ilikuwa fidia ya chini wakati ule; sheria za kazi zimerekebishwa mwaka 2025, kwa hiyo viwango vya leo viulize pale pale CMA au kwa chama chako. Na jiandae kwamba tuzo si hela. Mwajiri ana wiki 6 za kuipeleka Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na wa kwangu aliipeleka. Akashindwa. Nililipwa kwa awamu tatu mwaka 2020.

Katikati ya hapo niliishi kwa kuuza vitafunwa asubuhi. Tarehe za CMA sikukosa hata moja, kwa kuwa mlalamikaji asipotokea mgogoro unaweza kufutwa. Siku za shauri mdogo wangu alishika karai.

Cheti cha utumishi nilikipata pamoja na awamu ya mwisho. Ni haki ya kila anayeachishwa kazi, nami nilikidai kwa maandishi mara tatu. Kina jina langu, kazi niliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na neno wizi halimo. Kama barua yako iko kabatini tangu wiki mbili zilizopita na unasubiri simu ya bosi, itoe sasa hivi uangalie tarehe.