Kabla Hujamwita Mtu Mwizi wa Mafuta, Shika Mpira wa Rejeta

Juzi usiku dada mmoja wa Singida kaniandikia. Ana watoto watatu na gari la juu la viti saba, na kila wakitoka sheli yeye na mumewe wananuniana. "Kaka, hili gari linakula mafuta kuliko sisi tunavyokula ugali. Fundi anasema tufungue injini, wifi yangu anasema tuuze. Wewe la kwako ulifanyaje?" Nikacheka peke yangu pale kitandani. Halafu nikanyamaza, maana jibu lenyewe nimekuwa nikilisimulia nusu nusu, zile sehemu zinazonipendezesha tu.

Gari letu ni ndugu yake na hilo: cc 2,360, otomatiki, mtumba wa Japani. Jina silitaji, nimechoka na wale wa "ungeniuliza mimi ningekwambia ununue ile". Naishi Ilazo hapa Dodoma, kazi iko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, kwenda na kurudi ni kama kilomita 40. Mwaka wa kwanza lilinipa kilomita 8 kwa lita mjini, na 10 na kidogo barabara kuu. Nina uhakika kwa sababu naandika. Kuna daftari dogo ndani ya droo ya gari. Najaza tangi mpaka bomba la sheli linajikata lenyewe, nasoma kilomita, safari ya pili najaza vilevile kisha nagawanya. Kazini wananiita mhasibu wa sheli. Sawa tu.

Mwaka jana kuanzia Januari, daftari likaanza kusema mengine. Saba. Sita na nusu. Kufika Mei, tano na nusu. Ikifika Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, wale wadhibiti wa nishati, wanatangaza bei kikomo za mafuta, mimi nasikiliza redio kama mtoto anayengoja matokeo ya darasa la saba.

Nilifanya kile ambacho kila mwenye gari na mshahara hukifanya: nilinunua spea. Plagi nne mpya, sensa ya oksijeni, kusafisha nozeli zinazopuliza petroli, kusafisha throto. Zaidi ya laki nne zikaondoka, na daftari halikubadilika hata kwa nukta. Fundi mmoja akapiga mashine, hakuna kosa. Mwingine akasema masega, kile kichujio cha moshi kwenye ekzosi, yameziba, tuyatoe. Hapo nilikataa, na katika kisa hiki chote ndiyo akili pekee niliyoonyesha. Masega yana wanunuzi. Yakishatoka kwenye gari lako, anayeshiba ni mwingine, na wewe unabaki na mlio.

Sasa nifike pale ninapopaona pagumu.

Wakati huo tulikuwa tunakaa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Kijana wa miaka ishirini na mbili, anaosha gari, analipasha moto asubuhi, mara mojamoja anawapeleka watoto shule. Mimi mwenye daftari nikapiga hesabu zangu nikaona lita zinapotea. Jumamosi moja nikakuta stoo kipande cha mpira, kama mita mbili, kimekunjwa vizuri. Nikakinusa. Naapa nilisikia petroli. Nikamwita sebuleni, mama watoto akiwepo, nikamuuliza anauza lita kwa shilingi ngapi.

Aliniangalia tu. Akasema, "Mjomba, huo ni mpira wa kumwagilia mizabibu." Kweli, tuna mizabibu miwili nyuma ya nyumba, na mimi ndiye niliyemwagiza aitunze. Nikamwambia asinifanye mtoto. Jumatatu yake alikuwa amefungasha, karudi kwao Kibaigwa. Kwa kuwa nimeamua kusema yote: lita ziliendelea kupotea hata baada ya yeye kuondoka, na bado nilichukua wiki tatu kukubali kwamba nilikosea.

Julai tukaenda Iringa kwenye send-off ya binamu yake mke wangu. Dodoma mpaka Iringa ni kama kilomita 260 kwa njia ya Mtera. Safari ambayo zamani ilimaliza lita 25 ikameza 35. Ukumbini shemeji yangu, ambaye riziki yake ni kunicheka, akauliza kwa sauti, "Shemeji, ulinunua gari au ulioa mke wa pili?" Watu wakacheka mpaka mshereheshaji akataka kujua kuna nini. Nilitabasamu. Neno lile bado lipo kifuani, sitadanganya.

Lakini Iringa ndiyo iliyoniponya. Tunaondoka alfajiri, baridi ya Julai mnaijua, watoto wanatetemeka kule nyuma. Mke wangu akawasha hita. Kwa Dodoma nani anawasha hita? Haijawahi kuguswa tangu tununue gari. Tumetembea nusu saa nzima, akaweka kiganja kwenye tundu akasema, "Baba watoto, hii hita yako inapuliza baridi ya Mafinga."

Ndipo nikatazama mshale wa joto la injini. Umelala chini ya robo. Gari lisilo na ugonjwa likishapata joto lake, ule mshale hukaa karibu na katikati na hautikisiki. Tulipopanda kipande kimoja pale Nyang'oro ukanyanyuka kidogo, tulipoanza kuteremka kuelekea Mtera ukalala tena. Nikakumbuka Gairo.

Gairo ilikuwa Desemba iliyotangulia, tunarudi kutoka Dar. Gari likachemsha mlimani, mvuke kila mahali. Fundi wa kando ya barabara akapoza, akafungua, akatoa kitu kidogo cha shaba chenye springi akanionyesha. "Bosi, hii themostati huku kwetu haina kazi. Wameiweka kwa ajili ya nchi za baridi." Akairusha kwenye nyasi, akajaza maji ya bomba, nikampa elfu ishirini. Gari halikuchemsha tena mpaka nyumbani. Nilimsifia yule mtu kwa miezi! Nilimpelekea wateja watatu wa ofisini kwetu. Na nikifungua daftari, Januari ndiyo namba zilianza kuporomoka. Nilikuwa na tarehe ya kuzaliwa kwa ugonjwa, imeandikwa kwa mkono wangu, nikaenda kumshika kijana wa watu.

Basi nisikilize, dada wa Singida, na wewe mwingine mwenye gari la juu. Themostati si pambo la wazungu. Ni mlango. Injini ikiwa baridi unafunga, maji yanabaki kuzunguka injini ili ipate joto haraka. Yangu inafunguka ikifika nyuzi 82, namba imechongwa juu yake. Ukiitoa, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu unapowasha, na upepo wa barabarani unayapoza muda wote. Kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, inasoma injini ni baridi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada kama vile umewasha gari dakika moja iliyopita. Na otomatiki nyingi haziingizi gia ya juu kabisa mpaka injini ipate joto, kwa hiyo unatembea huku injini inalia bure. Hayo ya nchi za baridi nayo ni hadithi. Tokyo mwezi wa Agosti joto hupita nyuzi 35, wakati Dodoma hata Novemba inacheza kwenye 31. Mjapani anayeliendesha kule kwenye joto hilo hajaing'oa.

Nilinunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosomesha takwimu kwenye simu. Mashine ya fundi ilikuwa inatafuta makosa. Mimi nilitaka namba. Barabara ya Singida, spidi 90, injini nyuzi 58. Inatakiwa izidi 80. Nikaandika kwenye daftari nikapigia mstari mara mbili.

Themostati mpya sikuiamini, maana spea zetu mnazijua. Nikaichemsha jikoni kwenye sufuria ya mke wangu, nimesimama juu yake kama mpishi wa pilau, mpaka ikafunguka mbele ya macho yangu. Sufuria ilinigombanisha, hilo ni la siku nyingine. Fundi mpya, mzee mmoja mpole, ndiye aliyegundua kilichochemsha gari Gairo: kizibo cha rejeta kilikuwa kimechoka. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kizibo kizima kinabana presha ili yasichemke mapema, kibovu kinaachia. Kizibo, elfu kumi na tano! Tukaweka na kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, maji ya bomba yakaondoka.

Mzee huyohuyo alishika rimu zote nne baada ya kuliendesha kidogo. Ya nyuma kushoto ilikuwa ya moto: kalipa ya breki imeganda, nilikuwa natembea nimeshikiliwa. Matairi upepo 25, wakati kibandiko cha mlangoni kwa dereva kinasema 32. Ea klina ilikuwa na vumbi la Dodoma la kutosha kuotesha mchicha. Keria ya juu nikaifungua nikaiweka stoo. Ilikuwa inabeba upepo tu.

Sasa lipo kilomita 7.6 mjini, 9.8 barabara kuu. Si kama zamani, lakini nalala.

Kwa hiyo mimi nasema anzia kwenye tarehe. Lilianza lini? Nani alilishika gari kabla ya hapo? Ukija na jibu hilo gereji, fundi mwenyewe atakuheshimu. Kipimo cha bure: asubuhi injini ikiwa baridi, washa, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukibaki baridi dakika kadhaa halafu ghafla ukawa wa moto, huenda themostati ipo na inafanya kazi. Ukipata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, huenda imeng'olewa au imeganda wazi. Kizibo usikiguse injini ikiwa ya moto, utaungua uso. Na wale mnaoweka gari fri, yaani bila gia, mkiteremka milima ili kuokoa mafuta, acheni. Gari la nozeli likishuka na gia bila kukanyaga mafuta, linakata petroli lenyewe. Fri unapoteza breki ya injini, na petroli unaendelea kuichoma. Mwendo nao: trafiki wa tochi njia ya Singida wameniokolea lita nyingi, ingawa sijawahi kuwashukuru.

Mpwa wangu nilimpigia Agosti. Nilianza kumweleza habari za themostati, kizibo, nyuzi 58, nikazungumza kama dakika kumi. Akanisubiri nimalize. "Yameisha, mjomba." Mizabibu alikuwa ameiacha na maua, zabibu zilivyoiva nikamtumia kiroba kwa basi. Hajarudi kukaa kwetu, na sijamwomba.

Yule dada nimemuuliza jambo moja tu, hita yake inapuliza moto au baridi. Amejibu hajui kitufe chake kiko wapi. Asubuhi mumewe atashika mpira wa rejeta kabla ya kwenda kazini, na fundi wa kufungua injini ameambiwa angoje.