Majivu ya pumba za mpunga yanaweza kushika nafasi ya saruji?

Swali: Shikamoo mhandisi. Nina mashine ya kukoboa mpunga hapa Magu, na pumba zimejaa nyuma ya banda. Wachoma matofali huchukua baadhi, na majivu yanayobaki kwenye tanuru lao ni meupe kama unga. Fundi mmoja akaniambia hiyo ni saruji ya bure. Nikayachanganya na mchanga na maji, nikafyatua matofali sita. Siku ya tatu nilipoyashika yakamomonyoka. Nimekosea wapi? Nia yangu ni kusakafia uwanja wa kuanikia mpunga bila kununua saruji.

Jibu: Marahaba, dada. Mkono wako haukukosea. Fundi alikupa nusu ya habari, na hata hiyo nusu majivu yake yalikuwa yameshakufa.

Majivu ya pumba yaliyoungua vizuri yana silika, madini yaleyale yaliyomo kwenye mchanga, kati ya asilimia 85 na 95. Lakini silika peke yake haigandi, hata ukiimwagia ziwa zima. Inadai chokaa. Vikikutana kwenye unyevu, polepole vinatengeneza gundi ya aina ileile inayoshikilia zege la saruji. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, karne nyingi kabla saruji ya kiwandani haijajulikana. Kwa hiyo kujenga bila saruji si ndoto. Ila chokaa tupu hukauka kwa kuvuta hewa, taratibu mno. Majivu ndiyo yanayoisaidia kushika hata penye maji.

Sasa kuhusu weupe, maana hapa ndipo watu wengi wanapotea. Silika ina hali mbili. Pumba zikiungua kwa moto wa wastani, usiozidi takribani nyuzi 700, silika inabaki legelege na inakubali chokaa. Moto ukipanda juu ya hapo kwa muda mrefu, inajipanga kuwa fuwele, ngumu kama mchanga, na chokaa haiipati tena. Tanuru la matofali hufika nyuzi 900 na zaidi. Majivu yake meupe yanavutia macho lakini kazi hayana, na vumbi lake la fuwele linaumiza mapafu. Yaache. Choma pumba zako mwenyewe: tengeneza pipa la wavu wa chuma ili hewa iingie pande zote, ziungue taratibu bila kupulizwa, kisha tandaza majivu yapoe upesi. Unatafuta rangi ya kijivu. Yakiwa meusi sana, mkaa umebaki mwingi; mkaa huo utakunywa maji na kudhoofisha mchanganyiko.

Kisha yasage yawe laini kama saruji yenyewe. Usiyapeleke kwenye mashine ya unga wa mahindi: silika italamba nyundo na chekeche, na mwenye mashine hatakusamehe. Pipa la kuzungushwa lenye vipande vya nondo ndani linatosha. Vaa barakoa, tafadhali.

Chokaa nayo ina mtego. Unataka iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, iliyofungwa vizuri. Chokaa ya kilimo mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu, haifai. Iliyokaa wazi dukani miezi mingi nayo imerudi kuwa jiwe. Weka kijiko, kamulia limau: ikitoa povu jingi, usinunue.

Anza na uzani wa chokaa 1 kwa majivu 2, halafu ndoo 1 ya mchanganyiko huo kwa ndoo 3 za mchanga. Maji weka kidogo kidogo, maana majivu haya yana kiu. Mpunga kilo 100 hutoa pumba takribani kilo 20, na pumba hizo hutoa majivu kilo 4 hivi. Kupata kilo 50 za chokaa na majivu pamoja, yaani uzito wa mfuko mmoja wa saruji, unahitaji majivu ya mpunga wa kilo 800 na kitu. Kwako majivu si shida. Bei ya chokaa na nauli yake ndivyo vitakavyoamua kama unaokoa pesa.

Ushauri wangu kwa uwanja: fyatua matofali kwa mashine ya kushindilia, yapange juu ya mchanga ulioshindiliwa. Yafunike kwa magunia mabichi na nailoni siku 28 bila kuyaacha yakauke. Jua la Mwanza likiyawahi yatakuwa vumbi. Yatabeba watu, mikokoteni na mpunga. Lori lisipande. Na penye nondo, kama nguzo, lenta au slabu, usithubutu: hapo nunua saruji, na majivu yako mazuri yachukue asilimia 10 hadi 20 ya saruji hiyo, basi.

Kuna wanaotumia kostiki ya kutengenezea sabuni badala ya chokaa. Inawezekana, lakini inataka pia udongo wa mfinyanzi uliochomwa na vipimo vya maabara, na inapofua macho. Sikushauri uifanyie nyuma ya banda.

Kabla ya kufyatua hata tofali moja, tengeneza andazi dogo la chokaa na majivu bila mchanga, lifunge kwenye nailoni siku 7, kisha litumbukize kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi likikwaruzika kwa ukucha kama udongo, rudi kwenye pipa upunguze moto.