Kutoka Nyumbani na Mtoto Mwenye Usonji

Wiki iliyopita dada mmoja wa mtaa wa Langoni, hapa Lamu, aliniandikia kwamba tangu mwanawe agunduliwe kuwa na usonji (autism) hatoki naye ila kwa dharura, akaniuliza mimi ninawezaje. Niliusoma ujumbe wake mara tatu, kwa kuwa miaka miwili mizima nami niliishi hivyo hivyo.

Mwanangu ana miaka minane na maneno yake ni machache. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na wageni huvipenda vichochoro vyake. Kwa mwanangu vichochoro hivyo hivyo ni adhabu ifikapo saa tatu asubuhi, punda wanapopishana na mikokoteni na kila sauti kurudi kutoka kwenye kuta za mawe. Watoto wengi wenye usonji hawawezi kuichuja sauti moja kati ya nyingi kama tufanyavyo sisi. Siku moja alijiziba masikio akaketi chini katikati ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na mama mmoja aliyekuwa amekaa kwenye daka, kibaraza cha mawe cha mlangoni, akasema, bila kupunguza sauti, kwamba mtoto huyu amekosa fimbo. Nilimbeba, mzito alivyo, nikarudi nyumbani bila unga niliokuwa nimeufuata. Maneno yale hayajanitoka hadi leo.

Nilichelewa kuelewa kwamba mtoto hakuwa na kosa, na mimi pia sikuwa nalo. Nilianza kutoka naye mara baada ya swala ya alfajiri, njia zikiwa tupu, nikipita njia ile ile kila siku hadi akaizoea. Kisha nilimwomba jirani mmoja ruhusa ya kupumzika kwenye daka lake, akakubali kabla sijamaliza kueleza. Daka lile lina kivuli, liko nje ya msongamano, na limetusaidia kuliko dawa yoyote. Jumanne hii tumevuka kwa boti hadi Mokowe, ng'ambo ya bara. Nilizungumza na nahodha mapema, akatuweka mbele, mbali na injini, na mwanangu alicheka na maji safari nzima! Nililia, wala sikuona haya.

Kwa hiyo, dada yangu, chagua saa, chagua njia, tafuta daka moja, na zungumza na watu kabla hujawahitaji. Nanyi mnaokaa madakani, sogeeni kidogo mama apate pa kukaa, na mwacheni amtulize mwanawe bila kuhukumiwa. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia usafiri wa umma kwa kadiri ifaayo, na watoto wetu ni miongoni mwao. Mtoto wa jirani asiyeweza kupita mbele ya nyumba yako amefungiwa mji na wewe.

Jumamosi, inshallah, nitapita Langoni baada ya alfajiri. Mkiwa tayari, tutatembea pamoja hadi uwanja wa Mkunguni, na watoto wakichoka tutarudi.