Kichujio peke yake hakitoshi kutenga bakteriofaji

Je, kupitisha maji taka kwenye kichujio chenye matundu ya mikromita 0.22 kunatosha kupata bakteriofaji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria, wa aina moja? Hapana, maji yaliyochujwa hivyo hayajawa bakteriofaji wa aina moja, kwa sababu kichujio huzuia bakteria, ilhali virusi vya kila aina vilivyomo, vingi vikiwa vidogo kuliko matundu hayo, hupita pamoja.

Kinachotenganisha aina ni sahani ya agari (rojo linaloganda, la kuoteshea bakteria): maji yaliyochujwa huzimuliwa mara kumi kumi, huchanganywa na bakteria mwenyeji ndani ya agari laini yenye joto la nyuzi 45 hivi, kisha humwagwa juu ya agari ngumu, na kesho yake utando wa bakteria huonekana umetoboka vidoa vyangavu, ambavyo kwa kawaida kila kimoja huanzia kwa kirusi kimoja. Chomoa kidoa kilichojitenga kwa ncha ya pipeti, kiloweke, kisha urudie kazi yote walau mara tatu, maana vidoa viwili huweza kupandana jicho lisigundue. Mimi niliwahi kuridhika na duru ya kwanza, na sahani iliyofuata ikanionyesha vidoa vya ukubwa wa aina mbili.

Ila huko ni kutenga tu. Ukikusudia kutumia bakteriofaji hao kwa tiba, kumbuka kwamba endotoksini, yaani sumu za ganda la bakteria waliopasuka, hupenya kichujio hicho hicho, na hata kuzungusha sampuli kwa sentrifuji katika myeyusho wa chumvi ya kloridi ya sesiamu huzipunguza bila kuzimaliza.