Re: Jengo rafiki kwa mazingira ni sola tu?

Mkuu, umeuliza kama ofisi ya wasanifu majengo ikijinadi kwa majengo rafiki kwa mazingira inamaanisha paneli za sola tu. Hapana, sola huja mwishoni. Tazama shule ya msingi ya Gando, Burkina Faso, aliyoibuni msanifu Francis Kéré, ikakamilika 2001: kuta ni matofali ya udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo, na paa la bati limenyanyuliwa juu ya dari yenye matundu. Hewa ya moto inapanda, inatokea kwenye mwanya kati ya dari na paa, darasa linapoa bila kiyoyozi. Ukikutana na wasanifu, waulize kwanza jengo litaelekea wapi na kivuli kitatoka wapi. Wakikimbilia kukuonyesha kuta za vioo zinazoingiza joto la jua (wanapenda sana hizo), mimi ningetafuta wengine.