Mchore mtu akiwa mbele yako: siku zangu nne Mji wa Kale

Ndugu yangu, umeuliza kama kuna haja ya kulipia warsha ya kuchora sura ya mtu aliyeketi mbele yako, ilhali simu yako imejaa picha nzuri unazoweza kuzichora nyumbani bila gharama. Mimi nilichora kutoka kwenye simu miaka mitatu kabla ya kuingia warsha ya siku nne hapa Mombasa. Jibu langu ni nenda, hata kama itakubidi usubiri kununua rangi mpya.

Tulikuwa watu wanane katika chumba cha ghorofani Mji wa Kale, dirisha likitazama bandari ya zamani. Aliyetukalia ni mzee aliyekuwa nahodha wa majahazi, kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, na sote tulimwita Nahodha.

Picha ya simu imeshakuamulia mambo mengi kabla hujashika brashi. Ukimpiga mtu kwa karibu, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma. Simu nyingi za siku hizi pia hung'arisha vivuli na kulainisha ngozi, kwa hiyo ile tofauti ya giza na mwanga inayoujenga uso inakuwa imefifia. Siku ya kwanza, wakati wa mapumziko, nilimpiga Nahodha picha nikaendelea kuchora kutoka humo. Mwalimu akaja, hakusema kitu, akaishika simu kando ya uso wa mzee. Pua ya kwenye simu ilikuwa pana kuliko ile niliyoiona kwa macho yangu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuibadilisha kanvasi ifuate simu. Sikuitoa tena mfukoni.

Sasa ngozi. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu wengi wetu tunadhani ngozi nyeusi ni kahawia iliyotiwa nyeusi, na nyuso zinatoka kama tope. Mwalimu alitupa rangi nne tu: nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Ni mpangilio unaohusishwa na Anders Zorn, mchoraji wa Uswidi aliyefariki mwaka 1920. Sikuamini kwamba zingetosha kwa uso wa mtu aliyeungua jua la bahari umri wake wote. Tukaambiwa tufumbe macho nusu, tutafute mahali palipong'aa kuliko pote. Palikuwa juu ya nyusi ya kushoto, ambapo jasho lilikuwa limejikusanya. Nikachanganya nyeupe na manjano, nikaweka, pakawa kama pamepakwa siagi. Mwalimu akaniambia nikwangue, nijaribu nyeupe na nyeusi. Mchanganyiko huo ukiwa peke yake ni kijivu, lakini ukiuweka kando ya kahawia yenye wekundu unaonekana buluu. Na buluu ndiyo iliyokuwepo pale kweli, kwa maana mwanga ulioiangukia ngozi ile ulitoka angani. Niliweka tone moja dogo, paji zima la uso likajitokeza mbele.

Chini ya taya vilevile. Nilitarajia giza tupu, lakini nilipotazama kwa utulivu niliona mwanga hafifu unaopanda kutoka kwenye kanzu yake nyeupe na kuigusa shingo kwa chini. Nilipouweka mwanga huo, kichwa kikakaa juu ya mabega. Kabla ya hapo kilikuwa kinaelea.

Kuhusu dirisha, jihadhari na vitabu. Vingi vimeandikwa Ulaya na vitakwambia utafute dirisha la kaskazini, kwa sababu huko kwao jua halipiti upande huo. Mombasa iko digrii 4 hivi kusini ya ikweta. Tangu katikati ya Machi hadi mwanzo wa Oktoba jua la adhuhuri hupita kaskazini yetu, miezi mingine hupita kusini. Kwa hiyo dirisha lolote ulilo nalo litakufaa ukijua kulifunika. Letu lilitazama mashariki, na saa tatu asubuhi jua lilikuwa linampiga Nahodha machoni. Tulitundika shuka jeupe, mwanga ukatulia hadi saa sita.

Mtu hai anachoka. Tulifanya dakika 20 za kukaa na 5 za kupumzika, na miguu ya kiti tukaizungushia chaki sakafuni, na viatu vyake pia. Hata hivyo kidevu kinashuka polepole bila yeye kujua. Usikifuate. Shika ule mkao wa mwanzo, na ukiona umepotea ngoja arudi kutoka mapumzikoni, hapo shingo huwa imenyooka.

Siku ya nne Nahodha aliomba kuona. Alipita kanvasi moja moja, akasimama kwenye yangu. Chini ya jicho la kulia nilikuwa nimeweka mstari mfupi uliopauka. Akausogezea kidole bila kuugusa, akasema, "Hii kamba ya tanga. Ilinipiga tukitoka Lamu, mwanangu, wewe hujazaliwa." Sikujua kama ni kovu. Niliuchora kwa sababu kila asubuhi niliukuta palepale, jasho liwepo lisiwepo.

Usipoweza kulipa warsha, changeni watatu au wanne mumtafute mtu wa kuwakalia. Hapa kwetu si jambo dogo. Sanaa tuliyorithi zaidi ni nakshi za milango na khati, na wapo wasiopenda sura ya mtu ichorwe, kwa sababu ya dini. Akikataa, mshukuru, usimbembeleze. Akikubali, mweleze mapema atakaa muda gani, mlipe siku yake kamili, awe na maji karibu, na ikiadhiniwa mwache akasali.

Rangi za akriliki, zile zinazochanganywa na maji, chini ya feni hukauka ubaoni kabla hujamaliza kuchanganya, kwa hiyo weka kitambaa kibichi chini ya rangi na chupa ya kupulizia maji. Rangi za mafuta zinakupa nafasi ya kurudi kesho na kurekebisha, ndiyo maana mimi nazipendelea kwa nyuso. Ila matambara yenye mafuta ya kitani usiyarundike ndani ya debe. Yanapokauka hutoa joto, na yakiwa yamebanana yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje moja moja.

Na kama unakaa ng'ambo ya Likoni kama mimi, usivuke na kazi mbichi mikononi. Chukua kanvasi mbili za ukubwa mmoja, zitazamane, weka vizibo vya chupa kwenye pembe nne ili zisigusane, funga kamba. Ile ya Nahodha niliibeba wazi kwenye feri ya Likoni, begi la abiria mmoja likafuta sikio lote. Ikabidi nimwombe anikalie tena Jumamosi iliyofuata, nusu saa, sikio tu. Alikuja na kanzu ileile.